Kofia, Shingo na Sheria ya 1976

Shingo ya mwanaadamu ina pingili saba, na ndani ya pingili hizo, katika tundu jembamba ambalo kidole cha mtu mzima kingelijaza, hupita ugwe wa mgongo, ambao ndio njia pekee ya amri zitokazo kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni na katika kifua kipumuacho. Ugwe huo ukikatika karibu na fuvu, pumzi hukoma. Ukipondeka katikati ya shingo, mtu hubaki na akili yake timamu na kauli yake fasaha, ilhali mwili wake kutoka mabegani kwenda chini hauna tena habari naye. Matabibu wa Misri ya kale waliijua hali hii barabara, kwani katika hati ya mafunjo aliyoinunua Edwin Smith mjini Luxor mwaka 1862, ambayo iliandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, yumo majeruhi aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono yake wala miguu yake, na hukumu iliyoandikwa kwa ajili yake ni kwamba maradhi hayo si ya kutibiwa. Hukumu hiyo ilidumu dahari nyingi. Hata katika vita vya kwanza vya dunia, askari waliovunjika mgongo walikufa aghalabu katika muda mfupi, si kwa jeraha lenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na kwa uchafu ulioingia katika njia ya mkojo. Na ni mwaka 1944 tu, Ludwig Guttmann alipofungua wadi yake huko Stoke Mandeville, Uingereza, ndipo ilipodhihirika kwamba aliyepooza aweza kuishi umri mrefu, akafanya kazi na akashindana michezoni.

Katika makala haya nimeuchagua mchezo mmoja, nao ni futiboli ya Marekani, kwa sababu sijui mchezo mwingine ambao habari za shingo zilizovunjika ndani yake zimehesabiwa kwa utaratibu na kwa muda mrefu namna hiyo, na pia kwa sababu tarehe yake yathibitisha jambo ambalo watu wa michezo huona uzito kulikiri: kwamba shingo nyingi zaidi za vijana ziliokolewa na sentensi chache za kitabu cha sheria, na mikono iliyozoezwa kutokufanya haraka, kuliko zilizopata kuokolewa na kisu cha jarahi.

Futiboli hiyo si mpira wa miguu tuujuao sisi, ingawa yote miwili ilitoka katika tumbo moja la michezo ya shule za Uingereza. Wachezaji ni 11 kila upande, tufe lao lina umbo la yai, nalo hubebwa kwapani kuliko linavyopigwa teke. Lengo ni kuteka ardhi ya mwenzio yadi baada ya yadi, na wajibu wa mlinzi ni kumwangusha chini aliyelibeba tufe. Kwa hiyo mgongano, ambao katika mpira wetu ni kosa au ajali, katika mpira wao ni kazi yenyewe. Mwaka 1892 Lorin Deland, mtu ambaye hakupata kuucheza mchezo huo lakini alikuwa akipenda sataranji na kuzisoma vita za Napoleon, aliwafundisha vijana wa Harvard kujipanga kwa umbo la kabari, wakashikamana na kukimbia kwa pamoja wakamwelekea mlinzi mmoja wa Yale aliyesimama peke yake. Mbinu ile ilipendwa na kuigwa na vyuo vingine kabla haijapigwa marufuku baada ya miaka miwili. Kufikia msimu wa 1905 magazeti yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa viwanjani, na Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe aliupenda mchezo ule na kuuona kuwa ni shule ya uanaume, aliwaita wakuu wa Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu yake na kuwataka wautengeneze. Mwaka uliofuata ilihalalishwa pasi ya kurusha mbele, ili wachezaji watawanyike badala ya kusongamana, na ikaundwa jumuiya ya vyuo ambayo tangu 1910 yaitwa NCAA. Tangu mwaka 1931 makocha wenyewe wakaanza kuweka daftari la kila mwaka la waliokufa. Nalitaja daftari hilo kwa heshima, maana si kawaida ya watu wa mchezo wowote kukaa chini kila mwaka na kuandika majina ya maiti zao.

Dawa iliyotafutwa kwanza ilikuwa kofia. Zile za mwanzo zilikuwa za ngozi laini, zikilinda masikio kuliko fuvu, na wengi walicheza bila ya kuzivaa. Mwaka 1939 kiwanda cha Riddell kilitoa kofia ya plastiki ngumu; mwaka huo huo vyuo vikailazimisha kofia kwa kila mchezaji, na ligi ya malipo, NFL, ikafuata mwaka 1943. Katika miaka ya 1950 ikaongezwa nondo ya kukinga uso, ambayo baadaye ikawa wavu kamili mbele ya kinywa na pua. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake njema: ngozi haikuzuia fuvu kupasuka, na plastiki bila ya wavu haikuzuia pua kuvunjika wala meno kung'oka. Walakini khofu ya pua na meno ndiyo iliyokuwa ikimfanya mchezaji wa zamani ageuze uso pembeni na kumpokea mwenzake kwa bega. Khofu hiyo ilipoondolewa, kichwa kikawa huru kutangulia, na makocha, ambao si watu wa kuacha faida ipite, wakaanza kuwafundisha vijana kumkabili mpinzani kwa kuuzamisha uso katika namba ya kifua chake, na wengine kwa kuinamisha kichwa na kumchoma kwa utosi wa kofia, mbinu ambayo kwao iliitwa kwa jina la mkuki. Chombo cha kujikingia kikawa silaha, na mwenye kuumizwa na silaha hiyo, kinyume cha desturi ya silaha zote, akawa mara nyingi ni yule aliyeishika.

Mwaka 1968 peke yake walikufa wachezaji 36 kwa majeraha ya mchezo wenyewe, na mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya kuweka vipimo vya kofia, ambavyo vilitangazwa mwaka 1973. Kofia zikawa bora, na damu kuvuja ndani ya fuvu ikapungua. Lakini wakati macho ya watu yakiwa juu ya fuvu, chini yake shingo zilikuwa zikivunjika kimya kimya. Jarahi wa ubongo wa Michigan, Richard Schneider, alikuwa amekusanya habari za misimu ya 1959 hadi 1963, akapata majeruhi 56 waliovunjika au kuteguka pingili za shingo, na kati yao 30 walipooza mikono na miguu. Joseph Torg, tabibu wa mifupa wa Philadelphia, alipoanzisha daftari lake la taifa mwaka 1975 na kurudi nyuma kuhesabu misimu ya 1971 hadi 1975, muda ule ule wa miaka mitano, alipata majeruhi 259 na waliopooza 99.

Hapo likazuka suala la sababu, nalo lilikuwa suala zito, maana familia za waliopooza zilikwisha anza kuvipeleka viwanda vya kofia mahakamani, na baadhi ya viwanda vikaona ni heri kuiacha biashara ile kabisa. Rai iliyotawala kwa miaka mingi, ambayo Schneider alikuwa miongoni mwa walioieneza, ilikuwa kwamba kichwa hutupwa nyuma kwa nguvu na ukingo wa nyuma wa kofia ukaishukia shingo mithili ya upanga. Torg hakuridhika na rai hiyo. Alizitafuta filamu za mechi ambamo vijana waliumia, akazitazama polepole, picha baada ya picha, na alichokiona hakikuwa kichwa kilichotupwa nyuma, wala kilichopindwa mbele hadi kidevu kugusa kifua. Alichokiona, mara kwa mara, ni kijana aliyeinamisha kichwa kidogo tu, akamgonga mwenzake kwa utosi. Maelezo yake ni mepesi kufahamika. Shingo iliyosimama katika hali yake ya kawaida ina mpindo mdogo wa kuelekea mbele, na mpindo huo, pamoja na misuli iuzungukayo, hulainisha kishindo. Lakini mtu akiinamisha kichwa kwa kiasi cha nyuzi 30, mpindo hupotea, pingili zikajipanga katika mstari ulionyooka, na pigo la utosini likashuka moja kwa moja mfupa hata mfupa. Kichwa kimezuiwa, kiwiliwili bado kinakuja na uzito wake wote na mbio zake zote, na shingo iliyo katikati hufanywa kama behewa jepesi la garimoshi ambalo la mbele yake limesimama na ya nyuma yake hayana habari. Hapana ukingo wa kofia uliohusika. Kijana aliyevaa kofia iliyo bora kuliko zote duniani angalivunjika vile vile.

Natija ya elimu hiyo ilikuwa sheria. Kwa msimu wa 1976 vyuo na shule za sekondari za Marekani zikapiga marufuku kumpiga mpinzani kwa utosi wa kofia kwa makusudi, na pia kuufanya uso au kofia kuwa kitu cha kwanza cha kumgusa mtu katika kumzuia au kumwangusha. Msimu ule wa kwanza, ambapo mazoea ya zamani yalikuwa bado yamo miilini, waliopooza moja kwa moja walikuwa 34. Msimu wa 1977 walikuwa 18. Msimu wa 1984 walikuwa 5. Hakuna kofia mpya iliyoleta upungufu huo, wala dawa mpya, wala hospitali mpya. Na mtu asidhani kwamba waamuzi walikuwa wakali, kwa maana wajuzi wote wa mchezo husema kwamba kitambaa cha manjano ambacho mwamuzi hurusha chini kutangaza kosa kilirushwa kwa nadra mno kwa ajili ya kosa hili. Sheria ilifanya kazi yake kabla mechi haijaanza, katika uwanja wa mazoezi, kwa kumlazimisha kocha afundishe vingine: kichwa juu, macho yamwone unayemkabili, bega ndilo litangulie. Kwa insafu yangu, sioni katika tarehe ya tiba ya michezo waraka mwingine mfupi kiasi hicho uliofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Ligi ya malipo ilikuwa na mwendo wake. Tarehe 12 Agosti 1978, katika uwanja wa Oakland, kulichezwa mechi ya kujipima nguvu tu, isiyohesabiwa katika msimamo wa ligi. Darryl Stingley wa New England Patriots alikata katikati ya uwanja kuifuata pasi iliyorushwa juu mno. Akajinyoosha, asiupate mpira, na alipokuwa akishuka, kichwa kimeinama, alikutana na Jack Tatum wa Oakland Raiders aliyekuja kwa mbio kutoka upande wa pili. Pingili ya nne na ya tano za shingo zilivunjika. Hapana kitambaa kilichorushwa, kwa sababu kwa sheria za siku ile hapakuwa na kosa. Stingley alikuwa na umri wa miaka 26, naye aliishi kitini miaka mingine 28 hadi alipofariki mwaka 2007. Kocha wa Raiders, John Madden, alikuwa akimzuru hospitalini. Tatum na Stingley hawakupata kupatana kabisa, hata wote wawili wakaiaga dunia. Watu wa Marekani wameandika mengi juu ya ukali wa Tatum, na huenda ni haki yao, lakini mimi huona kwamba lawama iliyotupwa kwa mtu mmoja iliwapa watu wengi nafasi ya kutolitazama lile jambo la kichwa kilichoinama.

Nimesema juu ya kuzuia; sasa nieleze juu ya kumshughulikia aliyekwisha anguka, na hapa nitaomba ruhusa ya kupita kwanza katika mpira wetu wenyewe, kwa kuwa kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha kipa. Tarehe 5 Mei 1956, katika fainali ya Kombe la FA uwanjani Wembley, Bert Trautmann, Mjerumani aliyekuwa askari wa miavuli, akatekwa vitani, na baada ya amani akabaki Uingereza na kuwa kipa wa Manchester City, aliruka kuudaka mpira miguuni mwa Peter Murphy wa Birmingham City, na goti la Murphy likampata shingoni. Zilikuwa zimesalia kama dakika 17. Wakati huo sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba. Walimjia kwa ndoo ya maji na sifongo, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya siku zile kwa kila kitu, wakamsimamisha, naye akarudi golini huku akiyumba, akadaka tena na tena, na City wakashinda 3 kwa 1. Siku zile za mwanzo aliambiwa kwamba ni shingo iliyokazana tu. Picha ya eksirei iliyopigwa baada ya siku kadhaa ilionyesha pingili tano zilizoteguka, na ya pili ilikuwa imepasuka vipande viwili. Ya tatu ndiyo iliyojisokomeza chini yake na kuishikilia isisogee, na kwa kusogea kidogo tu angalikuwa maiti. Vizazi vimekisimulia kisa hiki kama hadithi ya ushujaa. Ushujaa wake siukatai. Lakini aliyezoea kukisikia hivyo na akisome tena kwa upande wa wale waliomsimamisha, aone ni mikono mingapi iliyoishika shingo ile bila kujua imeshika nini.

Desturi ile ya sifongo ilikuwapo Marekani pia, pamoja na chupa ya chumvi ya amonia ambayo majeruhi alinusishwa ili azinduke, na ambayo harufu yake humfanya mtu arushe kichwa nyuma kwa ghafula, jambo ambalo ni baya kuliko yote kwa mwenye pingili iliyolegea. Wauguzi wa timu, ambao huko wana taaluma yao na jumuiya yao iliyoundwa mwaka 1950, walijifunza kidogo kidogo, na mwaka 1998 jumuiya hiyo ilivikusanya vyama vya matabibu, wazima moto, watu wa gari la wagonjwa na wenye ligi, wakaandika utaratibu mmoja ili watu hao wasikutane juu ya mwili wa kijana wakaanza kubishana. Utaratibu wenyewe wafaa kutazamwa kwa karibu. Wa kwanza kumfikia hupiga magoti nyuma ya utosi wa aliyelala, akaishika kofia kwa viganja viwili na kuituliza katika hali aliyoikuta, na tangu hapo yeye ndiye amiri: haiachi kofia ile hata majeruhi afungwe juu ya ubao, na hapana atakayeinua hata mguu ila kwa neno lake. Humwambia mgonjwa asitikise kichwa kwa kujibu, ajibu kwa mdomo. Mwingine hutazama kama apumua. Mwingine huuliza: Wahisi nikikugusa hapa? Chezesha vidole vya miguu. Nibane mkono, na huu wa pili. Halafu wavu wa uso huondolewa kwa bisibisi ya umeme au kwa mkasi wa kukatia vifungo vyake vya plastiki, ili kinywa kifikiwe ikiwa pumzi itapotea, na kofia huachwa mahali pake.

Mtu wa nje hushangaa kwa nini kofia isivuliwe. Sababu ni kwamba chini ya fulana mchezaji huyu amevaa ngao nene za mabega, ambazo huuinua mwili wake juu ya ardhi, na kofia nayo hukiinua kichwa kwa kadiri ile ile. Ukiivua moja na kuiacha nyingine, shingo hupinda, kwa hiyo huvuliwa zote mbili au huachwa zote mbili. Kumwinua nako kumebadilika. Zamani alibiringishwa kwa ubavu na ubao ukasukumwa chini yake. Siku hizi, akiwa amelala chali na watu wapo wa kutosha, watatu husimama kila upande, mmoja kichwani na mmoja miguuni mwenye ubao, na kwa hesabu ya amiri humwinua sawasawa kiasi cha inchi sita, ubao ukapita, wakamshusha. Watu wanane kwa shibiri moja. Hujizoeza kila mwaka kabla ya msimu, na katika NFL matabibu na wauguzi wa pande zote mbili hukutana dakika 60 kabla ya mechi kuambiana nani atashika kichwa, gari liko mlango gani na hospitali ni ipi.

Jambo gumu kuliko ubao ni lile lisilo na ubao: kijana anayejiinua mwenyewe, mkono mmoja umening'inia, akisema unawaka moto. Hali hii ni ya kawaida mno katika futiboli yao, na wachezaji huiita kwa jina la kuumwa na mdudu au kuungua. Bega limeshushwa na kichwa kimesukumwa upande wa pili, na mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi, hasa ile ya mizizi ya tano na ya sita, imevutwa au kubanwa. Moto huo hudumu sekunde au dakika chache na kwa kawaida hupoa. Kanuni inayowaongoza matabibu yaweza kushikwa na mtu yeyote: ikiwa ni mkono mmoja tu, na shingo haiumi mfupani, na hugeuka pande zote, na nguvu imerudi kamili, aliyeumia huenda akaruhusiwa kucheza; lakini ikiwa ni mikono miwili, au mguu umehusika, au mfupa wa shingo wauma, basi ni ugwe wa mgongo mpaka ithibitike sivyo, na hata kama kijana atacheka na kuapa kwamba ni mzima, hulazwa na kufungwa. Torg alieleza mwaka 1986 hali nyingine iliyo kati ya mbili hizi, ambapo mchezaji hupooza viungo vyote vinne kwa dakika kadhaa, mara chache kwa saa hata 48, kisha akarudi kuwa kama hakupatwa na kitu. Wengi wao tundu la pingili zao ni jembamba kuliko kawaida. Kama watu hao waruhusiwe kurudi uwanjani, matabibu hawajaafikiana hata leo, na mimi nisiye tabibu naona kwamba kijana aliyeonyeshwa mlango wa kaburi na kurudishwa hana deni tena kwa timu yake.

Juu ya dawa nitasema kwa ufupi. Tarehe 29 Novemba 1992 Dennis Byrd wa New York Jets, akimkimbilia mpinzani, aligonga kifua cha mwenzake wa timu moja kwa kichwa, pingili ya tano ikapasuka. Alipewa kipimo kikubwa cha methilipredinisoloni, ambayo miaka miwili kabla yake jarida kubwa la tiba la Marekani lilikuwa limetangaza kwamba husaidia ikitiwa katika saa nane za kwanza, akapasuliwa, akazoezwa, na mwanzo wa msimu wa 1993 alitembea kwa miguu yake uwanjani mbele ya halaiki. Dunia nzima ikaiamini dawa ile, lakini uchunguzi wa baadaye uliitia shaka, na mwaka 2013 majarahi wa ubongo wa Marekani wakashauri isitumiwe. Tarehe 9 Septemba 2007 Kevin Everett wa Buffalo Bills alianguka bila ya kutikisika, na tabibu Andrew Cappuccino akaamuru atiwe maji ya chumvi yaliyopozwa akiwa bado katika gari la wagonjwa. Kabla mwaka haujaisha Everett alikuwa akitembea. Ikasemwa kwamba baridi ndiyo iliyomponya. Wengine wakasema ni upasuaji uliofanywa upesi, na kwamba ugwe wake haukuwa umekatika wote. Shahidi mmoja hawezi kuwa hoja. Lisilobishaniwa ni kwamba katika visa vyote viwili majeruhi hakunyanyuliwa na wenzake.

Everett aliumia katika mpira wa kuanzishia, ambapo pande mbili hukimbiliana kutoka mbali, na ndivyo alivyoumia pia Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers tarehe 16 Oktoba 2010, ambaye hakupata kutembea tena. Ndipo wenye sheria wakarudi kwenye kalamu. Mwaka 2011 NFL iliusogeza mbele mstari wa kuanzishia ili mipira mingi ipite bila ya kukimbizwa. Mwaka 2018 ikamkataza kila mchezaji kuinamisha kichwa na kumgonga mwingine kwa kofia, liwe kusudi au lisiwe. Na mwaka 2024 ikaamuru kwamba katika kuanzisha, walio wengi wasikimbie mpaka mpira udakwe au uguse chini. Wapenzi wa zamani hulalamika kwamba mchezo umelainishwa. Kadhalika wauguzi wana ubishi wao, kwani mwaka 2015 waraka mpya ulishauri kofia na ngao zivuliwe pale pale kiwanjani na watu waliofuzu, kabla ya safari ya hospitali, na wengine wakashikilia utaratibu wa 1998. Katika ubishi huo nawaunga mkono wale wasemao kwamba jibu lategemea mikono iliyopo: wenye mazoezi na wavue, wasio na mazoezi waache.

Katika viwanja vyetu hapana kofia wala ngao, na mara nyingi hapana hata ubao, lakini shingo ni ile ile ya pingili saba, na desturi ya kumkimbilia aliyeanguka, kumshika makwapani na kumsimamisha ili mchezo uendelee bado tunayo. Sheria za mpira wa miguu humruhusu refa kusimamisha mchezo, na humruhusu tabibu kumtibu majeruhi papo hapo alipolala ikiwa jeraha ni zito. Basi nawaomba marefa, makocha na manahodha waitumie ruhusa hiyo bila haya: kijana akianguka kwa kichwa au shingo, mmoja apige magoti na kukituliza kichwa chake, mwingine aulize habari za mikono yote miwili na miguu yote miwili, wa tatu atafute gari na ubao wa mlango, na mechi ingoje.